Njombe Mji: Kwa nini timu za mikoani hupanda kwa shangwe na kushuka kimya kimya

MWAKA 2017 mikoa mitatu ya Tanzania Bara ilishangilia kwa wakati mmoja. Lipuli ya Iringa, Singida United na Njombe Mji ziliongoza makundi yao katika Ligi Daraja la Kwanza msimu wa 2016/17 na kupata tiketi ya kucheza Ligi Kuu.

Miaka mitatu baadaye, hakuna hata moja kati ya hizo tatu iliyokuwa imesalia katika ligi hiyo. Njombe Mji ilishuka mwaka 2018 baada ya msimu mmoja tu. Singida United na Lipuli zilifuata mwaka 2020, kila moja ikiwa imeshacheza fainali moja ya Kombe la Shirikisho.

Kwa msomaji anayetazama msimamo wa ligi gazetini, habari hiyo huishia kwenye mistari ya chini ya jedwali. Timu moja imeshuka, nyingine imepanda, na msimu mpya unaanza. Kwa mji kama Njombe, hata hivyo, mstari huo una uzito mwingine. Timu ya Ligi Kuu ndiyo iliyoufanya mji huo utajwe redioni kila wiki, na ndiyo iliyompa kijana wa Makambako, Ludewa au Tandala kule Makete sababu ya kuamini kwamba anaweza kuonekana bila kuhamia Dar es Salaam.

Swali linalobaki ni kitu gani hasa huziangusha timu za aina hii. Je, ni uwezo wa wachezaji, ni ukata wa fedha, au ni namna timu zenyewe zinavyoundwa tangu miaka yake ya mwanzo?

Mkoa mchanga, timu changa

Mkoa wa Njombe ulizaliwa rasmi mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Mkoa wa Iringa. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 702,097 katika mkoa mzima, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu watu 889,946. Ni mkoa wa mashamba ya chai, misitu ya kupandwa, viazi, mahindi na, katika miaka ya karibuni, parachichi.

Mji wenyewe uko juu sana kutoka usawa wa bahari, na baridi yake ya Juni na Julai inafahamika nchi nzima. Kutoka Makambako, ambako barabara kuu ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA hukutana, msafiri hupanda kuelekea kusini kwa umbali wa takriban kilometa 60 kabla ya kuufikia. Akiendelea mbele, barabara hiyo hiyo humfikisha Songea.

Katika mkoa huo mpya, Njombe Mji ilikuwa timu ya kwanza kufika Ligi Kuu. Ilibeba jina la mji, ikacheza katika Uwanja wa Sabasaba, na ikawapa wakazi timu yao wenyewe.

Msimu wa 2017/18 ulikuwa wa fahari kwa Nyanda za Juu Kusini nzima. Kati ya timu 16 za Ligi Kuu, tano zilitoka ukanda huo. Mbeya ilikuwa na mbili, yaani Mbeya City na Tanzania Prisons. Songea ilikuwa na Majimaji, Iringa ikawa na Lipuli, na Njombe ikawa na Njombe Mji. Shabiki mwenye nauli aliweza kuifuata timu yake ugenini katika miji mitatu ya jirani na kurudi nyumbani bila kukesha njiani siku nyingi.

Msimu ulipofungwa Mei 2018, timu zilizoshuka zilikuwa mbili tu, na zote mbili zilitoka ukanda huo huo: Majimaji na Njombe Mji.

Kinachouma zaidi ni kwamba mwaka ule mlango wa kutokea ulikuwa mwembamba. Ligi ilikuwa ikipanuliwa kutoka timu 16 hadi 20, hivyo zilishuka mbili na kupanda sita. Waliopanda walikuwa KMC, JKT Tanzania, African Lyon, Coastal Union, Biashara United na Alliance. Njombe Mji ilihitaji kuziacha timu mbili tu nyuma yake ili ibaki. Haikuweza.

Kutoka mechi 14 hadi mechi 30

Ili kuelewa kilichotokea, ni vyema kuanza na hesabu rahisi ambayo mashabiki wengi huisahau wakati wa sherehe za kupanda daraja.

Ligi Daraja la Kwanza ya msimu wa 2016/17 ilikuwa na makundi matatu yenye timu nane kila moja. Timu ilicheza na wenzake saba nyumbani na ugenini, na hivyo ilimaliza msimu kwa mechi 14. Kiongozi wa kundi alipanda moja kwa moja.

Ligi Kuu ya timu 16 ina mechi 30. Kwa maneno mengine, timu iliyozoea safari saba kwa msimu ililazimika ghafla kufanya safari 15. Kikosi kilichotosha kwa mechi 14 hakitoshi kwa mechi 30, kwa kuwa majeruhi huongezeka, kadi huongezeka na uchovu hujilimbikiza.

Safari nazo si za karibu. Kuifuata Kagera Sugar mjini Bukoba kutoka Njombe ni kuvuka nchi kwa zaidi ya kilometa 1,000 kupitia Iringa, Dodoma na Singida. Kuifuata Ndanda mjini Mtwara ni kupita Songea, Tunduru na Masasi. Mbao ilikuwa Mwanza, na Mwadui na Stand United zilikuwa Shinyanga. Kila safari ina mafuta, malazi, chakula na posho, na yote hulipwa kabla ya mpira kuchezwa.

Timu kubwa hupunguza uchovu huo kwa kupanda ndege. Timu changa hupanda basi, hulala njiani, hufika usiku na kucheza kesho yake. Tofauti hiyo haionekani kwenye jedwali la msimamo, lakini huonekana katika dakika 20 za mwisho za mchezo, miguu inapokuwa mizito.

Haina maana kwamba kikosi cha Njombe Mji hakikuwa na uwezo. Katika Kombe la Shirikisho la msimu huo huo, timu hiyo ilifika robo fainali, ikatolewa na Stand United. Yanga ilipofika Sabasaba Septemba 2017, iliondoka na ushindi wa bao 1-0 tu, bao la Ibrahim Ajibu. Simba, ambao mwishoni mwa msimu walikuwa mabingwa, walishinda 2-0 mjini humo Aprili 2018 kwa mabao ya John Bocco.

Matokeo hayo ni ya timu inayoweza kusimama mbele ya wakubwa kwa siku moja. Kuhimili miezi tisa mfululizo ni kazi tofauti, na kazi hiyo hufanywa zaidi na fedha na mipango kuliko ari.

Siku mbili za neema kwa mwaka

Chanzo cha mapato ambacho kila shabiki anakijua ni kiingilio. Hapa pia hesabu inasema mengi.

Katika ligi ya timu 16, timu hucheza nyumbani mara 15. Kati ya hizo, Simba hufika mara moja na Yanga mara moja. Hizo ndizo siku mbili ambazo uwanja wa mkoani hujaa, tiketi huisha na wauza chai na mahindi ya kuchoma hupata riziki. Siku 13 zinazobaki ni za kawaida, na nyingine huwa na watazamaji wa kuhesabika.

Fedha za mlangoni nazo haziingii zote katika mfuko wa klabu. Kodi ya Ongezeko la Thamani hutangulia, kisha hufuata gharama za uwanja, waamuzi, ulinzi na migawo ya vyombo vinavyosimamia soka. Kinachobaki baada ya hapo ndicho timu hujivunia, na mara nyingi hakitoshi kuilipia safari inayofuata.

Liko tatizo jingine ambalo viongozi wa timu za mikoani hulijua vizuri ingawa hawapendi kulisema hadharani. Shabiki wa soka nchini Tanzania huzaliwa katika nyumba ya Simba au ya Yanga. Timu ya mji wake ni mapenzi ya pili. Siku Yanga inapofika mkoani, sehemu kubwa ya jukwaa huvaa kijani na njano. Simba inapofika, jukwaa huwa jekundu. Timu mwenyeji hucheza nyumbani kwake ikiwa kama mgeni, na siku yake yenye kipato kikubwa huwa ndiyo siku yenye mashabiki wake wachache.

Mapenzi ya pili hayana ubaya wowote wakati wa ushindi. Hujaribiwa timu inapofungwa mara tatu mfululizo, mvua inanyesha na mgeni aliyekuja si maarufu. Hapo ndipo shabiki hubaki nyumbani kusikiliza matokeo ya Dar es Salaam.

Kalenda ya mkulima na kalenda ya ligi

Ukata wa timu ya Nyanda za Juu Kusini una sura ya pekee, nayo inatokana na kilimo.

Ligi Kuu kwa kawaida huanza Agosti na kwisha Mei. Katika Mkoa wa Njombe, mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Katika kipindi hicho mkulima wa mahindi hununua mbegu na mbolea, hulipa vibarua wa palizi, na mwezi Januari hulipa mahitaji ya shule ya watoto. Mavuno ya mahindi na fedha zake huja katikati ya mwaka, wakati ligi imeshafungwa na wachezaji wako likizo.

Kwa hiyo timu huomba mchango na kiingilio katika miezi ambayo mfuko wa mwananchi umekauka. Mfanyabiashara wa mjini naye hutegemea mkulima huyo huyo. Mkulima asipouza, duka halichangamki, na fedha za kudhamini timu hazipatikani.

Mvua yenyewe huharibu uwanja. Uwanja wa nyasi za asili usio na mifereji mizuri hugeuka tope mwezi Februari na Machi, ambacho ndicho kipindi cha mechi zinazoamua nani abaki na nani ashuke. Timu iliyojengwa kucheza pasi fupi hujikuta inapiga mipira mirefu, na faida ya kuwa nyumbani hupungua.

Timu za viwanda na za vyombo vya dola hazitegemei kalenda hiyo. Mshahara wa mchezaji wa Tanzania Prisons au Ruvu Shooting ulikuwa na mwajiri nyuma yake, mvua inyeshe isinyeshe. Mtibwa Sugar na Kagera Sugar zilikuwa na viwanda vya sukari. Azam ilikuwa na kampuni kubwa ya biashara. Simba na Yanga zina mashabiki nchi nzima na wafadhili wanaozigombea.

Ukizitoa timu hizo katika orodha ya 2017/18, kinachobaki ni kundi la timu za miji na mikoa, ambazo wananchi huziita timu zao lakini hakuna anayewajibika kulipa mshahara mwezi unapofika mwisho. Majimaji na Njombe Mji zilikuwa katika kundi hilo.

Mbeya City ilivyowasha moto

Wapo wanaosema kwamba timu ya mji haiwezi kudumu. Jibu lao liko jirani, kilometa zipatazo 230 kutoka Njombe.

Mbeya City ilianzishwa mwaka 2011 chini ya Halmashauri ya Jiji la Mbeya. Miaka miwili baadaye ilikuwa Ligi Kuu. Katika msimu wake wa kwanza, 2013/14, ikiwa chini ya kocha Juma Mwambusi, ilimaliza nafasi ya tatu nyuma ya Azam na Yanga, na mbele ya Simba. Uwanja wa Sokoine ulijaa, na mashabiki waliovaa zambarau waliifuata timu hiyo hadi Dar es Salaam kwa mabasi.

Mafanikio hayo yalizifanya halmashauri nyingi ziamini kwamba njia imepatikana. Ilionekana kwamba mji ukiwa na timu, timu ikiwa na jina la mji, na mkurugenzi akiwa na moyo wa michezo, mengine yatajipa.

Hata hivyo, halmashauri si kampuni. Mapato yake yamepangiwa kazi kabla hayajakusanywa. Kwa mfano, tangu mwaka 2018 sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Zahanati inadai dawa, shule inadai madawati, na barabara ya mtaa inadai kifusi. Diwani anayesimama kutetea mshahara wa mshambuliaji mbele ya wapiga kura wasio na maji ana kazi ngumu.

Viongozi nao hubadilika. Mkurugenzi aliyeipenda timu huhamishwa kwenda wilaya nyingine, na anayemrithi huwa na vipaumbele vyake. Timu inayotegemea mapenzi ya mtu mmoja huanza kuyumba siku mtu huyo anapofunga mizigo.

Mbeya City yenyewe haikurudi tena katika nafasi ile ya tatu. Ilipungua nguvu hatua kwa hatua, na mwaka 2023 ilishuka daraja baada ya kushindwa na Mashujaa ya Kigoma katika mechi za mchujo. Lakini haikufa. Ilikaa chini misimu miwili, ikapanda tena mwaka 2025. Miaka kumi mfululizo juu iliijengea jina, mashabiki na uzoefu wa kuendesha klabu, na vitu hivyo havikushuka daraja pamoja nayo.

Njombe Mji haikupata muda huo.

Somo kutoka ukumbi wa barafu

Tatizo hili si la Tanzania peke yake, wala si la soka peke yake. Mfano unaoeleweka haraka unatoka Manchester, Uingereza, katika mchezo ambao wasomaji wengi hawajawahi kuuona: mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu.

Mwaka 1995 mji huo ulifungua ukumbi mkubwa wa kisasa, na timu mpya iitwayo Manchester Storm ikaundwa ili kuujaza. Mmiliki alikuwa kampuni ya Kimarekani ya Ogden iliyouendesha ukumbi wenyewe. Timu ilipanda daraja katika msimu wake wa kwanza, na mwaka 1996 ikawa moja ya timu nane zilizoanzisha ligi mpya ya kulipwa iliyoitwa Superleague.

Februari 1997 watu 17,245 waliingia ukumbini kuitazama Storm ikicheza na Sheffield Steelers, idadi iliyoweka rekodi ya mchezo huo nchini Uingereza. Msimu wa 1998/99 timu ikatwaa ubingwa. Kwa aliyetazama kutoka nje, hapakuwa na klabu changa yenye afya kuliko hiyo.

Lakini msingi wake ulikuwa mwembamba. Kukodi na kuendesha ukumbi wa ukubwa huo ni gharama kubwa, barafu hutengenezwa na mitambo inayokula umeme usiku na mchana, na wachezaji wengi waliletwa kutoka Canada na Marekani kwa mishahara mikubwa. Umiliki ulipobadilika na watazamaji walipopungua, gharama hazikupungua. Mwaka 2002, msimu ukiwa katikati, Manchester Storm ilifungwa. Scottish Eagles ya Uskochi ilifungwa katika kipindi hicho hicho, na mwaka 2003 ligi nzima ya Superleague ikafikia mwisho wake.

Kilichofuata ndicho chenye somo kwa Njombe. Mashabiki wa Manchester hawakutawanyika. Walijikusanya na kuchangishana, na mwaka 2003 ikazaliwa timu nyingine, Manchester Phoenix. Baadaye mchezo huo ulihamia kwenye ukumbi mdogo wa Altrincham, nje kidogo ya mji, ambako gharama zililingana zaidi na idadi ya watazamaji. Phoenix nayo ilifungwa mwaka 2017, lakini jina la Storm lilikuwa limeshafufuliwa katika ukumbi huo huo mwaka 2015, na mchezo umeendelea kuchezwa.

Mfano huo unaonyesha mambo mawili. Kwanza, uwanja uliojaa si dalili ya klabu yenye afya ikiwa fedha za kuiendesha zinatoka kwa mtu mmoja anayeweza kuondoka. Pili, timu inaweza kufa na soka la mji, au barafu ya mji, likaendelea kuishi iwapo mashabiki wamejipanga kama wenye mali na si kama watazamaji tu.

Fedha zimeongezeka, mlango umekuwa mgumu

Mazingira ya Ligi Kuu yamebadilika sana tangu Njombe Mji iliposhuka. Mwaka 2021 Azam Media na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) walisaini mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya Shilingi bilioni 225.6. Mwaka huo huo Benki ya NBC ikawa mdhamini mkuu wa ligi. Msimu wa 2018/19, uliofuata baada ya Njombe Mji kushuka, ligi ilikuwa imechezwa bila mdhamini mkuu.

Mtu anaweza kudhani kwamba timu ndogo sasa ina unafuu. Kwa kiasi fulani ni kweli: fedha za matangazo huipa klabu uhakika wa kitu fulani, tofauti na kiingilio kinachotegemea hali ya hewa.

Lakini fedha hizo zimeongezeka kwa wote, na wakubwa wamepata zaidi. Bei ya mchezaji imepanda, wachezaji wa kigeni wamekuwa wengi, na idadi ya timu ilirudishwa hadi 16 kuanzia msimu wa 2021/22. Nafasi ni chache na ushindani ni mkali kuliko ilivyokuwa mwaka 2017.

Ushahidi ni Ken Gold ya Chunya, mkoani Mbeya. Timu hiyo ilipanda mwaka 2024 na kushuka mwaka 2025, msimu mmoja tu, sawasawa na Njombe Mji. Iliyoshuka nayo ilikuwa Kagera Sugar, ambayo ina kiwanda nyuma yake. Mtibwa Sugar ilikuwa imeshuka mwaka mmoja kabla, lakini ilipanda tena mara moja mwaka 2025. Mwenye kiwanda huweza kuanguka, lakini ana kitu cha kushikilia anapotaka kuinuka.

Timu zinazohama

Njia nyingine imejitokeza katika miaka hii, nayo ni ya kununua badala ya kujenga.

Ihefu ilitokea Mbarali, mkoani Mbeya. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2020, ikashuka mwaka 2021, ikapanda tena mwaka 2022. Mwaka 2024 klabu hiyo ilibadilishwa jina na makao, ikawa Singida Black Stars. Wakazi wa Mbarali waliamka wakiwa hawana timu ya Ligi Kuu, ingawa timu yao haikuwa imeshuka daraja.

Kwa Singida, ambayo ilishampoteza Singida United mwaka 2020, ilikuwa neema. Kwa Mbarali ilikuwa msiba usio na kaburi. Hapo ndipo inapoonekana tofauti kati ya timu inayomilikiwa na mji na timu inayocheza tu katika mji. Mwenye hati ya klabu ndiye mwenye uamuzi wa mwisho, hata kama waliopiga makofi kwa miaka yote ni wengine.

Katika msimu wa 2024/25, Nyanda za Juu Kusini zilibaki na timu mbili katika Ligi Kuu, Tanzania Prisons na Ken Gold, zote za Mkoa wa Mbeya. Iringa, Njombe na Ruvuma hazikuwa na hata moja. Miaka saba tu kabla, ukanda huo ulikuwa na timu tano.

Kujenga kabla ya kupanda

Hasara ya kukosa timu haionekani siku ya kwanza. Kijana mwenye kipaji wa Tandala au Ludewa haachi kucheza kwa sababu Njombe Mji imeshuka. Anachokosa ni ngazi ya karibu. Timu ya Ligi Kuu ikiwa mjini, kocha wa timu ya vijana anaweza kumwona Jumamosi kwa nauli ya basi. Isipokuwepo, ni lazima aende Mbeya au Dar es Salaam bila mwenyeji na bila uhakika wa malazi, na wazazi wachache humruhusu mtoto afanye hivyo.

Mambo yanayoweza kuibakiza juu timu ya mkoani, ikipanda tena, si siri. La kwanza ni umiliki unaoeleweka: wanachama wenye kadi, ada ndogo inayolipwa msimu wa mavuno, na hesabu zinazosomwa mbele yao. Mkulima aliyelipa Julai, fedha zinapokuwapo, hahitaji kuombwa Februari.

La pili ni uwanja. Mifereji ya maji na nyasi zinazotunzwa hugharimu kidogo kuliko usajili wa wachezaji watano wa dirisha dogo, na hubaki hata timu ikishuka.

La tatu ni biashara za mkoa wenyewe. Njombe ina viwanda vya chai, kampuni za mbao na wasafirishaji wa parachichi. Wadhamini watano wa wastani ni salama kuliko mfadhili mmoja mkubwa, kwa kuwa mmoja wao akijitoa timu hupunguza matumizi badala ya kuvunjika.

La nne, na pengine lililo gumu kuliko yote, ni subira. Timu iliyopanda kwa mechi 14 inahitaji kuingia Ligi Kuu ikiwa na bajeti ya mechi 30 mkononi. Ikiwa haina, msimu mmoja zaidi katika daraja la chini, ukitumika kukusanya wanachama na kuandaa kikosi cha vijana, una faida kuliko msimu mmoja wa fahari unaoacha madeni.

Ushauri huo ni mchungu kwa shabiki, kwa kuwa hakuna anayeenda uwanjani kuiombea timu yake isipande. Lakini Lipuli, Singida United, Njombe Mji na Ken Gold zote zilipanda kwa haki uwanjani, zikashindwa na hesabu ambazo zingeweza kupigwa kabla ya filimbi ya kwanza. Timu ijayo ya Njombe, yoyote itakayokuwa, itazikuta hesabu hizo hizo zikiisubiri.